Kabla Hujafungua Kozi Mpya: Jinsi ya Kukisia Soko la Ajira la Wilaya Yako

Miaka ile ya 2012 hadi 2015, kusini mwa Tanzania kila kijana aliyemaliza kidato cha nne alitaka kusomea mafuta na gesi. Gesi ilikuwa imegunduliwa kwenye kina kirefu cha bahari, bomba la kwenda Dar es Salaam lilikuwa linajengwa, na Lindi watu walikuwa wanangoja kiwanda cha kugeuza gesi kuwa kimiminika. Mimi nilikuwa mratibu wa mafunzo katika chuo kimoja cha ufundi huko. Tukajaza madarasa mawili ya uchomeleaji wa mabomba. Bomba likakamilika 2015, kiwanda kikabaki kwenye mazungumzo kwa zaidi ya miaka 10, na wahitimu wetu wakaishia kuchomelea mageti na madirisha ya nondo, kazi ambayo mji ulikuwa na mafundi wake wa kutosha.

Tangu hapo sifungui kozi bila kupitia hatua hizi. Nimemwandikia mkuu wa chuo au afisa wa halmashauri mwenye daftari, pikipiki ya kuazima na wiki tatu za kuzunguka.

Hatua ya 1: Jua unakisia mwaka gani

Kosa letu la kwanza lilikuwa la kalenda. Ukiamua leo kuanzisha kozi ya miaka 2, mwaka mzima utaishia kwenye kutafuta mwalimu, vifaa na kibali. Mhitimu wako wa kwanza atabisha hodi kwa mwajiri mwaka wa nne. Kwa hiyo swali lako liwe la mwaka wa nne, wala si la leo.

Usivuke sana miaka 5. Mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, 1964 hadi 1969, ulilenga nchi yetu ijitosheleze kwa wataalamu ifikapo 1980. Waliopiga hesabu zile hawakuwa wajinga. Ungewaambia wahesabu wahandisi na madaktari, wangehesabu. Lakini nani angemhesabu wakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu, kazi iliyochipuka baada ya M-Pesa kuanza Kenya mwaka 2007?

Hatua ya 2: Soma takwimu, ila usilale nazo

Ofisi ya Taifa ya Takwimu imefanya utafiti wa nguvukazi mwaka 2006, 2014 na 2020/21, na sensa ya 2022 ipo. Humo utaona watu wanakohamia na sekta zinazowaajiri. Hutaona kama mji wako unahitaji fundi friji. Matangazo ya kazi nayo yapitie kwa tahadhari: mashirika na makampuni makubwa ndiyo yanayotangaza. Mwenye gereji hatangazi, anapiga simu kwa shemeji yake.

Hatua ya 3: Ingia mtaani uulizie kazi iliyokataliwa

Hapa ndipo utumie wiki mbili kati ya tatu ulizonazo.

Ukimuuliza mwenye gereji, "Unahitaji mafundi wangapi?" atakujibu kumi, kwa sababu anadhani unamletea vijana wa mazoezi wasiolipwa. Mimi nilijibiwa hivyo mwaka mzima na nikaandika kwenye ripoti. Siku hizi, hapa Dar es Salaam nilikohamia, naanza na swali jingine: "Fundi, wiki hii umekataa kazi gani?"

Mzee mmoja alifuta mikono kwa tambara lenye oili, akafikiri kidogo. "Mwalimu, mafundi injini ninao wa kukugawia. Juzi imekuja gari imefungwa mtungi wa gesi, inazima ikiwa kwenye foleni. Nimeirudisha. Vijana wangu wanaweza kufungua na kufunga, lakini kumpima mgonjwa kwa kompyuta hawajui."

Sentensi hizo chache zilinifaa kuliko ripoti nzima. Madereva wa teksi na bajaji wamekuwa wakifunga mfumo wa gesi asilia kwa sababu unawapunguzia gharama ya petroli. Foleni za vituo vya kujazia unaziona mwenyewe. Mtu asiyekwenda gereji angesema tufundishe kufunga mitungi. Kumbe kinachopungua ni kutafuta hitilafu baada ya mtungi kufungwa.

Nina maswali mengine matatu. Nani ameondoka kazini kwako, na amekwenda wapi? Kijana wa mwisho uliyemchukua ulimpataje? Na yupi unamlipa kuliko wenzake, amewazidi kwa lipi? Hilo la mwisho usilisahau. Ujuzi ukiadimika, bei yake hupanda. Mwajiri akilalamika kwamba hakuna mafundi, na posho ya siku anayotoa ni ileile ya miaka mitatu iliyopita, andika "malalamiko", usiandike "uhaba".

Pita gereji 20 au 30, siyo 3. Na usiende Jumatatu asubuhi.

Hatua ya 4: Vunja kazi iwe shughuli

Kazi haifi yote kwa siku moja. Chukua fundi umeme wa magari na uorodheshe anachofanya kuanzia asubuhi hadi jioni: kubadili balbu, kufunga redio, kutengeneza stata, kufuata waya ulioungua, kusoma kompyuta ya gari. Weka mshale wa juu au wa chini mbele ya kila shughuli kulingana na ulichosikia mtaani. Mtaala ufuate mishale, hata kama jina la kozi litabaki lilelile ambalo wazazi wamelizoea.

Hatua ya 5: Hesabu nafasi, kisha utoe za wenzako

Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano, ajabu ni jinsi tunavyoikwepa. Tuseme wilaya ina mafundi 90 wa friji na viyoyozi. Ukiuliza umri na mienendo, unakuta 20 watastaafu, watahama au wataacha kazi ndani ya miaka 5. Bucha, hoteli na maduka ya samaki yanaongezeka, unakisia watahitajika 110. Nafasi za kuziba 20, nafasi mpya 20: jumla 40, yaani 8 kwa mwaka. Sasa toa vijana wanaojifunzia kwa mafundi mtaani bila kupita chuoni, tuseme 3 kwa mwaka. Zimebaki 5.

Na wewe ulitaka kudahili 30.

Mara nyingi hesabu ikifika hapo, jibu linakuwa kozi fupi ya jioni kwa wale 90 ambao tayari wana wateja. Wakuu wa vyuo hawaipendi, maana haina mahafali.

Hatua ya 6: Tenganisha kujenga na kuendesha

Mradi mkubwa ukipita wilayani, gawa ajira zake mafungu mawili. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Wakati wa ujenzi linataka wachomeleaji, madereva wa mitambo, wapishi na walinzi kwa wingi. Likishaanza kusukuma mafuta, linabaki na watu wachache wa kulitunza. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 nayo imebadilisha orodha yake ya ajira: baada ya waliomwaga zege sasa ni zamu ya watunza nyaya, mawasiliano na mabehewa. Uliza fungu lipi litakuwa hai mwaka wako wa nne.

Hatua ya 7: Andika idadi, na andika kitakachokufanya uibadili

Weka makisio matatu: soko likidorora, likibaki lilivyo, likichangamka. Chini ya kila moja taja dalili unayoweza kuiona kwa macho. Kwa kozi ya hitilafu za magari ya gesi mimi niliandika: nafasi 12, kozi ya miezi 3. Vituo vya kujazia vikiongezeka na posho ya fundi wa kompyuta ikipanda, tuongeze darasa la pili. Gereji tano zikiniambia hazikatai tena magari ya gesi, tusimamishe udahili. Tarehe ya kurudi kwa yule mzee mwenye tambara nimeiandika kwenye jalada la daftari, kila baada ya miezi 6.