Theluji Mpya Kileleni Karisimbi

*Bwana Tabibu, sisi marafiki wanne wa Kamembe tumeazimia kupanda Karisimbi, na twaambiwa kwamba huko juu mara nyingine theluji huanguka usiku. Mmoja wetu huumwa kichwa kila apandapo milima. Je, tuahirishe? — Msomaji, Rusizi*

Hofu yenu ina sababu, ila si ya kuwazuia. Mlima huo, ambao jina lake hunasibishwa na isimbi, yaani kauri nyeupe, una mita 4,507, nanyi mwatoka kando ya Kivu, penye mita 1,460 tu. Na kwa kuwa hewa huwa nyepesi kadiri mtu apandavyo, kichwa na kichefuchefu aghalabu humpata aendaye kwa haraka, hata awe na nguvu za fahali.

Baridi ndiyo hasimu mkubwa zaidi, hasa ikishirikiana na nguo zilizoloa: katika msafara wa Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg, 1907–1908, wapagazi wapatao 20 waliangamia mlimani humo kwa dhoruba ya theluji. Basi vaeni sufu badala ya pamba, nguo za kulalia zifungeni ndani ya nailoni, na miwani ya jua msiisahau, kwani weupe ule huunguza macho. Pombe iacheni Musanze. Humpoza mnywaji naye akidhani anaota moto.

Mwenzenu akiumwa kichwa kambini, asipande zaidi mpaka apone. Akipepesuka, akichanganyikiwa, au akitweta hali ameketi, ateremshwe saa ile ile, ijapokuwa usiku wa manane, apelekwe hospitali ya Ruhengeri. Na aliyekuwa akitetemeka, kisha akanyamaza na kusinzia angali baridi, msimdhanie amepona.