Intaneti darasani: Tuanze na andalio la somo

NDUGU msomaji, siku hizi ni nadra kikao cha wazazi wa shule ya msingi hapa mjini kumalizika bila ya kutajwa kompyuta. Wazazi wanaombwa michango ya kununua mashine na kuunganisha intaneti, na wengi wanatoa kwa moyo mkunjufu wakihofia watoto wao wasije wakaachwa nyuma. Mimi ni mwalimu na sipingi michango hiyo. Ninachouliza ni kimoja tu: mashine zikishafika, mwalimu wa Darasa la Tano atazifanyia nini katika kipindi chake cha dakika 40?

Siulizi kwa kubeza maendeleo. Nimeshaona chumba cha kompyuta kilichojengwa kwa fedha za wazazi, kikawa kinafungwa kufuli wiki nzima na kufunguliwa anapokuja mgeni. Mashine zimefunikwa vitambaa, na watoto wanaendelea kukariri yaliyoandikwa ubaoni kama zamani.

Tutazame ya wenzetu. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu ya wanafunzi. Utafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika, uliohusisha shule 319 za vijijini na kutolewa mwaka 2012, haukuona ushahidi kwamba alama za hisabati na lugha zilipanda kwa sababu ya mashine hizo. Watoto walikuwa na kompyuta, lakini matumizi yake hayakufungamanishwa vya kutosha na masomo yao.

Sasa tuje nyumbani, Tanga. Kati ya mwaka 2017 na 2019, shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE lilifanyiwa majaribio katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa huo. Watoto walipewa tableti zenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Programu hizo hazikuhitaji intaneti, na tableti zilichajiwa kwa umeme wa jua. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi hiyo ilipungua kwa nusu.

Mazingira ya Peru na Tanga hayafanani, lakini funzo ninaloliona ni hili: chombo hufaa pale somo linapokuwa limeshapangwa, hatua kwa hatua, kwa lugha anayoielewa mtoto. Somo ndilo litangulie, mashine ifuate.

Basi mwalimu aanzie wapi? Aanze na andalio la somo. Ajiulize ni jambo gani katika mada yake ambalo kitabu na ubao haviwezi kulionesha vizuri. Moyo unavyosukuma damu, kwa mfano, hueleweka zaidi kwa picha inayotembea. Akishalijua jambo hilo, alitafute nyumbani, alitazame lote mwanzo hadi mwisho, kisha alipakue. Darasani aonesha dakika tatu au nne tu. Kabla ya kuonesha atoe maswali mawili. Baada ya kuonesha azime, watoto wachore na kuelezana wao kwa wao. Kwa mpango huu kompyuta moja na projekta vinatosha darasa zima, na mtandao ukikatika somo haliharibiki.

Lipo pia somo lisilohitaji hata projekta. Mwalimu wa jiografia atafute intanetini urefu wa Mlima Kilimanjaro. Atakuta mita 5,895, atakuta 5,892 na hata 5,891. Aziandike zote ubaoni na awaulize watoto: ipi ya kweli? Watashangaa, kwani wamezoea jibu moja. Hapo ndipo awaeleze kwamba ya kwanza inatokana na upimaji wa mwaka 1952, ya pili upimaji wa mwaka 1999 kwa kutumia satelaiti, na ya tatu upimaji wa mwaka 2008. Mlima ni ule ule, vipimo na wapimaji ndio waliobadilika.

Kwa kipindi kimoja mtoto atakuwa amejifunza kuuliza: nani kasema, lini, na amejuaje? Sisi Waislamu swali hili si geni kwetu. Wanazuoni wetu hawakuipokea habari bila ya kuijua sanad yake. Mtoto aliyelelewa katika ada hiyo hatayumbishwa na kila kinachorushwa kwenye simu. Lakini asiachwe peke yake mtandaoni kutafuta atakacho. Kwa umri wa shule ya msingi, mwalimu achague kwanza.

Kwa hiyo, ndugu mzazi, unapoombwa mchango, toa. Lakini uliza pia ni kiasi gani kimetengwa kwa ajili ya kuwafundisha walimu, nani atatengeneza mashine zikiharibika, na bando litalipwa na nani mwaka wa pili. Kisha omba uoneshwe andalio moja tu la somo litakalotumia vifaa hivyo. Kama halipo, fedha za kwanza ziende kwa mwalimu, apate mafunzo na muda wa kuandaa. Kompyuta zinaweza kusubiri muhula mmoja. Mtoto aliyeko Darasa la Tano leo hasubiri.