Mrututu upulizwe kabla kakao haijaoza

Ndugu wakulima wa Punia, mvua zimerudi, na mwenye kakao aanze leo kukagua matunda yake. Doa dogo la kahawia lisipoondolewa mapema hula tunda zima, likawa jeusi kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha likaambukiza mengine. Unyevu wa msitu wetu unaupa ugonjwa huu nguvu.

Kinga yake ni mrututu, yaani sulfati ya shaba, chumvi ya buluu itokanayo na shaba na asidi ya salfa. Peke yake huunguza majani, ndiyo maana huchanganywa na chokaa. Mfaransa Millardet alitangaza mchanganyiko huo mwaka 1885 kwa ajili ya mizabibu ya Bordeaux, na hadi leo unatumika.

Kwa lita 10, pima gramu 100 za mrututu na gramu 100 za chokaa iliyozimwa. Tumia mizani, usikisie kwa kiganja. Funga mrututu katika kitambaa, ukining'inize juu ya ndoo ya plastiki yenye lita 5 za maji, kiguse maji tu. Ukiutupa chini utakawia kuyeyuka. Usitumie ndoo ya chuma, itatoboka. Koroga chokaa katika lita 5 nyingine, chuja, kisha mimina maji ya buluu ndani ya chokaa huku ukikoroga. Chovya msumari safi kwa dakika moja. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, ongeza chokaa, la sivyo utaunguza shamba. Dawa hiyo imalizike siku hiyohiyo.

Chuma kwanza matunda yote yaliyooza, uyatoe shambani. Dawa hulinda tunda zima, haiponyi lililougua. Puliza asubuhi majani yakikauka, urudie kila wiki tatu au nne mvua zikiendelea. Nyanya nazo hufaidika, ila zioshwe vizuri kabla ya kuliwa.

Lakini si kila ugonjwa husikia dawa hii: mosaiki ya muhogo ni virusi vinavyoenezwa na inzi weupe, na mrututu hauigusi. Nasikitika nikiona mtu akimaliza pesa yake kwa kuupulizia muhogo mrututu. Atafute vipando safi.

Vaa glavu, funika macho. Pompi isioshwe kijitoni, kwa sababu shaba huua samaki. Maji ya kuoshea yamwage shambani, mbali na kisima. Mrututu unaobaki ufungiwe mahali ambapo watoto hawafiki.