Jasho la usiku: habasoda au homoni?

SWALI: Nina miaka 51, naishi Ifo, Dadaab. Hedhi ilikoma mwaka jana. Usiku jasho linanitoka hadi shuka inalowa. Jirani ananipa habasoda na uwatu, binti yangu anasema nitafute homoni. Nifuate lipi?

JIBU: Pole sana, mama. Ukikohoa au kukonda, anza na kupimwa kifua kikuu, maana nacho huleta jasho la usiku. Kama ni ukomo wa hedhi tu, homoni ya estrojeni ndiyo dawa yenye nguvu zaidi, na kwa umri wako, ukiwa mzima, faida yake kwa kawaida huzidi hatari. Ila mwenye kizazi asipewe estrojeni peke yake. Lazima iambatane na homoni nyingine, projesteroni, la sivyo ukuta wa kizazi hunenepa na saratani inaweza kuanza hapo. Aliyewahi kupata saratani ya matiti au damu kuganda mguuni asiitumie.

Habasoda na uwatu jikoni ni vyema, lakini ushahidi kwamba vinazima jasho hili ni haba. Vinaweza pia kushusha sukari, kwa hiyo anayemeza dawa za kisukari amwambie daktari. Ninachokiogopa hasa ni vidonge vya mitishamba visivyo na lebo. Na damu ikitoka tena baada ya mwaka mzima bila hedhi, nenda hospitali wiki hiyo hiyo.