SOMO LA TAWI: HEMA LIKIBOMOLEWA, DAI LIBAKI



Katika mikutano ya matawi huulizwa mara kwa mara swali hili: Tukiketi mahali pa wazi kudai haki yetu, kisha askari wakaja na virungu na kutuondoa, je, tumeshindwa? Wapo wanaojibu upesi kwamba ndiyo, tumeshindwa, na afadhali tusingekwenda. Wapo pia wanaojibu kwamba mpigania haki hashindwi kamwe. Majibu yote mawili ni mepesi mno. La kwanza linatukatisha tamaa, na la pili linaweza kutupeleka kuumizwa bila mpango.

Kwa hiyo katika somo hili tutalichunguza jambo lililotokea kweli kwa jirani zetu wa Kenya, katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, mwaka 1992. Wahusika hawakuwa chama cha wafanyakazi. Walikuwa akina mama, wengi wao wazee kutoka mashambani. Hata hivyo tunaamini kila katibu wa tawi ana la kujifunza kwao.

1. Yaliyotokea

Mwezi Desemba 1991 Bunge la Kenya lilikifuta kifungu cha Katiba kilichoruhusu chama kimoja tu cha siasa. Watu wengi walitazamia kwamba waliofungwa kwa sababu ya siasa wangefunguliwa. Lakini miezi ikapita na wafungwa wakabaki gerezani. Ikiwa kudai vyama vingi si kosa tena, mtu aliyefungwa kwa kudai hayo anangoja nini ndani? Hilo ndilo swali walilokuwa nalo mama zao.

Siku ya Ijumaa, 28 Februari 1992, mama hao wakifuatana na Wangari Maathai, kiongozi wa Green Belt Movement, walimwendea Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, wakampa ombi lao. Walitaka wafungwa 52 waachiwe. Miongoni mwao alikuwamo Monica Wangu wa Wamwere, mama yake Koigi wa Wamwere, mbunge wa zamani aliyekamatwa mwaka 1990 na kushtakiwa kwa uhaini. Baada ya kutoa ombi hawakurudi vijijini kungoja barua. Walikwenda Uhuru Park, wakaketi katika kona moja ya bustani, wakatangaza kwamba hawatakula mpaka watoto wao watoke.

Siku zilizofuata watu walizidi kuja. Hema likasimamishwa. Waliopata kuteswa mahabusu walisimama mmoja mmoja wakaeleza hadharani mambo ambayo kwa miaka mingi yalisemwa kwa kunong'ona tu. Kona ile ikapata jina linalotumika hadi leo: Freedom Corner.

Jumanne, 3 Machi 1992, askari waliizingira bustani. Walitumia mabomu ya machozi na virungu, na hema likaangushwa juu ya waliokuwamo. Wangari Maathai alipigwa hadi akazimia, akapelekwa hospitali pamoja na wengine walioumia. Katika purukushani hiyo baadhi ya akina mama walivua nguo mbele ya askari. Asiyejua mila anaweza kudhani ni kichaa au aibu. Kwa Wakikuyu, kama kwa makabila mengine mengi ya Afrika, mama mzazi akijivua nguo mbele ya vijana wa umri wa wanawe, anawalaani. Mama hawa hawakuwa na jiwe wala fimbo. Walitumia silaha ya mwisho waliyokuwa nayo.

Bustani ikawekewa ulinzi wa askari. Kwa kipimo cha siku ile, serikali ilikuwa imeshinda.

2. Yaliyofuata

Lakini mama hawakwenda nyumbani. Waliingia katika kanisa kuu la Kianglikana la All Saints, lililo karibu na bustani ile, wakapewa hifadhi. Wakaendelea kudai. Walikaa humo muda wa karibu mwaka mmoja. Hapakuwa na hema tena, wala umati wa bustanini. Palikuwa na mama, majina ya watoto wao, na watu waliokuwa wakija kuwatazama na kuwaletea mahitaji.

Mwanzoni mwa mwaka 1993 wafungwa karibu wote waliokuwa katika madai yale waliachiwa. Koigi wa Wamwere alitoka mwezi Januari mwaka huo.

Hatusemi kwamba akina mama peke yao ndio waliofungua milango ya magereza. Palikuwa na mawakili, viongozi wa dini, vyama vya upinzani, na nchi wafadhili zilizokuwa zimezuia misaada. Tunachosema ni kwamba wakati wengine wakishughulika na uchaguzi wa Desemba 1992, ni mama hawa waliohakikisha kwamba majina ya wafungwa hayasahauliki.

3. Kwa nini dai halikufa pamoja na hema

Tukilichunguza jambo hili kwa makini, tunaona sababu nne.

Kwanza, dai lilikuwa moja na la kuhesabika. Watu 52 watolewe gerezani. Hakuna afisa aliyeweza kujibu kwamba hakulielewa, wala hakuna aliyeweza kudanganya kwamba limetekelezwa. Linganisha na tawi linalokwenda kwa mwajiri kudai "hali bora". Hali bora ni nini? Mwajiri akipaka rangi choo, amekwisha kulijibu dai hilo. Bali tukisema: malimbikizo ya mishahara ya miezi mitatu, kwa watu hawa walioandikwa hapa, hapo hana pa kukimbilia.

Pili, walioketi ndio wenye uchungu. Ni vigumu kumwambia mama kwamba ametumwa na wageni kumlilia mwanawe. Viongozi walikuwapo, lakini walikaa pamoja na wenye dai, si mahali pao.

Tatu, walikuwa na mahali pa pili. Hili ndilo jambo ambalo matawi yetu hulisahau zaidi. Bustani ilikuwa mahali pa kusikika, haikuwa dai lenyewe. Ilipochukuliwa, walihamia penginepo na dai lao likiwa zima. Hata hivyo tusidhani kwamba mahali pa ibada ni ngome. Tarehe 7 Julai 1997, katika maandamano ya kudai mabadiliko ya Katiba, askari waliingia ndani ya kanisa hilohilo la All Saints wakawapiga watu waliokuwamo. Mahali pa pili panasaidia, lakini si hirizi.

Nne, walistahimili muda mrefu. Bustanini walikaa siku chache tu, kanisani karibu mwaka. Siku zile chache ndizo zinazokumbukwa, lakini kazi kubwa ilifanyika katika miezi ile ambayo magazeti yalikuwa yamekwisha kugeukia habari nyingine.

4. Mfano wa mbali

Tuangalie mfano mwingine, wa New York, Marekani. Tarehe 17 Septemba 2011 waandamanaji waliopinga nguvu ya mabenki na matajiri waliingia katika bustani ya Zuccotti Park, wakapiga kambi. Vyama kadhaa vya wafanyakazi wa jiji hilo viliwaunga mkono. Bustani hiyo ilikuwa wazi kwa umma, lakini ardhi ni mali ya kampuni binafsi. Usiku wa kuamkia 15 Novemba 2011, watu wakiwa wamelala, polisi waliingia wakawaondoa na kuwakamata wengi. Mawakili walikimbilia mahakamani siku hiyohiyo. Jaji aliamua kwamba watu wanaweza kurudi bustanini, lakini bila mahema wala vifaa vya kulalia.

Usemi wao juu ya asilimia 99 ya watu na asilimia 1 ya matajiri ulienea duniani, na hilo si jambo dogo. Lakini hawakuwa wamekubaliana juu ya dai moja, na kambi yenyewe ilikuwa ndiyo sura ya harakati yao. Ilipoondolewa, wengi walitawanyika. Hapa tunajifunza mambo mawili: tujue ardhi tunayoketi ni ya nani na ina masharti gani, na tusiifanye kambi kuwa ndilo dai.

5. Sheria inasemaje

Mwaka 1992 nchini Kenya mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya serikali. Bila leseni, hata kuketi kwa amani kungeweza kuitwa kosa. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 1997: sasa waandaaji hutoa taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Kisha Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 37, ikampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kufanya piketi na kupeleka maombi kwa wenye mamlaka, kwa amani na bila silaha.

Nchi nyingine za jirani zina taratibu zake. Tanzania, sheria ya polisi inataka taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla ya mkutano. Uganda ilipitisha sheria ya mikusanyiko mwaka 2013, na mwezi Machi 2020 Mahakama ya Katiba ikakibatilisha kifungu kilichowapa polisi uwezo wa kuizuia mikutano. Zambia, Mahakama Kuu ya rufani ya nchi ilikwisha amua mwaka 1996 kwamba kuwalazimisha raia waombe kibali kabla ya kukusanyika ni kinyume cha Katiba.

Neno la kukumbuka hapa ni moja: taarifa si ombi. Anayetoa taarifa anajulisha, anayeomba anangoja kuruhusiwa. Hata hivyo tusijidanganye. Katika nchi zetu mara nyingi taarifa hupokewa kana kwamba ni ombi, na jibu huwa ni kukataliwa. Kwa hiyo barua ya taarifa iandikwe nakala mbili, na ya kwetu igongwe mhuri wa kituo. Siku ya mahakamani, mhuri huo una thamani kuliko hotuba.

Kuna pia Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya matumizi ya nguvu, zilizopitishwa Havana mwaka 1990. Zinasema hata mkusanyiko usio halali, maadamu hauna vurugu, askari waepuke kutumia nguvu katika kuutawanya. Ikishindikana, nguvu iwe ndogo kadiri inavyowezekana. Zinasema tena kwamba walioumizwa wapatiwe matibabu mapema na jamaa zao wajulishwe. Kanuni hizi hazizuii kirungu kikiwa kimekwisha kuinuliwa. Zinatupa kipimo cha kushitaki baadaye.

6. Kazi ya tawi

Kutokana na hayo tunapendekeza kila tawi linalofikiria kuketi hadharani lifanye yafuatayo kabla ya siku yenyewe.

(a) Dai liandikwe kwa sentensi moja, lenye idadi na majina, na kila mwanachama aweze kulisema bila karatasi.

(b) Ijulikane ardhi ni ya nani: ya halmashauri, ya serikali, au ya mtu binafsi.

(c) Wachaguliwe watu wawili wasioketi pamoja na wengine. Kazi yao ni kutazama na kuandika: saa ngapi askari wamefika, nani alitoa amri, onyo lilitolewa au la, watu walipewa muda gani kuondoka, nani aliumia, nani alichukuliwa na kupelekwa kituo gani.

(d) Aliyeumia apatiwe matibabu bila kuchelewa na maumivu yake yaandikwe katika fomu ya polisi, PF3 kwa Tanzania au P3 kwa Kenya. Jeraha lisiloandikwa hupona pamoja na ushahidi wake.

(e) Wazee, wagonjwa, wajawazito na watoto wawe na njia ya kutoka iliyopangwa mapema. Asilazimishwe mtu kukaa ili aonekane shujaa. Mgomo wa kula hasa usiingiwe bila daktari, wala mtu asisukumwe na wenzake.

(f) Mahali pa pili pajulikane. Kama tukiondolewa saa tisa, saa kumi na moja tunakutana wapi?

Kuna jambo moja la mwisho tusilolificha. Akina mama wa Freedom Corner walilipa gharama kubwa. Walishinda njaa, walipigwa, walidharauliwa. Sisi viongozi wa chama hatuna haki ya kuwaita wanachama kwenye gharama kama hiyo kwa sababu tu mfano wenyewe unapendeza kusimuliwa. Kwanza tuulize kama meza ya mazungumzo imekwisha kweli, kama barua zimejibiwa, kama mahakama ya kazi imefikiwa. Mama wale walianza kwa ombi la maandishi ofisini. Bustani ilikuja baadaye.

Maswali ya kujadili

1. Dai kubwa la tawi letu mwaka huu ni lipi? Liandikeni kwa sentensi moja. Je, mwajiri anaweza kudai kwamba amelitimiza bila kulitimiza?

2. Ni nani katika tawi letu wenye uchungu wa dai hilo kuliko wote? Je, wanakaa mbele au tumewaweka nyuma?

3. Tukinyimwa uwanja wetu wa kawaida wa mikutano kesho, tutakutana wapi?

4. Katika tawi letu, nani anaweza kuandika taarifa ya tukio kwa utulivu wakati wengine wanakimbia?

Majibu yaingizwe katika kumbukumbu za mkutano, na nakala moja ibaki kwa katibu.