Uchungu Ukianza Nyumbani: Kijitabu cha Kaya Inayosubiri Mtoto

Kijitabu hiki ni cha nyumba nzima. Mama mjamzito akisome, kisha akiweke mahali ambapo mume, mama mkwe, wifi na jirani wa karibu watakiona. Usiku wa uchungu yeye mwenyewe hatakuwa na nafasi ya kusoma wala kueleza.

Kuzaa si ugonjwa. Wanawake wengi wenye afya njema, mimba ikiwa imetimiza wiki 37 na mtoto ametanguliza kichwa, huzaa kwa njia ya kawaida bila upasuaji wala dawa ya kuongeza uchungu. Lakini kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa humpata hata mama ambaye kadi yake ya kliniki haina alama yoyote ya hatari. Hakuna mkunga, awe wa jadi au wa hospitali, anayeweza kumtazama mjamzito asubuhi na kuapa kwamba jioni damu itakuwa ya kawaida. Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: saa za mwanzo za uchungu zinaweza kupita nyumbani kwa utulivu, mtoto azaliwe zahanati, kituo cha afya au hospitali, na njia ikikataa, nyumba iwe inajua la kufanya.

Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta watoto 63 kati ya kila 100 wakizaliwa kwenye vituo vya huduma za afya. Ule wa 2022 ulikuta 81. Hayo ni maendeleo makubwa, na bado karibu mtoto mmoja kati ya watano anazaliwa kwingine. Wapo mama waliochagua kuzalia nyumbani. Wapo pia waliokutwa na uchungu mto umejaa, bodaboda haipatikani, au mwenye nyumba yuko safarini na hakuna aliyethubutu kuamua.

UAMUZI UFANYWE KABLA YA UCHUNGU

Wataalamu wa uzazi hutaja kuchelewa kwa aina tatu kunakoua kina mama: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kwa kule kwa mwisho, kituo na serikali ndio wa kuulizwa. Kuamua ni kazi ya nyumba, na hapo ndipo saa nyingi hupotea. Mume yuko ziwani au machimboni na simu haipatikani. Mama mkwe anasema tungoje kidogo, mbona mimi nilizaa saba hapa hapa. Jirani anasema mimba ya kwanza huchukua siku mbili.

Mwanamke mwenye uchungu asingoje ruhusa ya mtu yeyote. Baba, sema maneno haya mapema, mbele ya mama yako na wifi za mkeo: uchungu ukianza nisipokuwepo, nendeni. Kisha onyesha hela zilipowekwa. Kama mko kwenye kikoba, ulizeni sasa namna ya kupata fedha za dharura usiku. Andikeni ukutani namba za madereva wawili, kwa sababu mmoja anaweza kuwa amelala au hana mafuta. Zungumzeni pia na ndugu wawili watatu wenye afya walio tayari kuchangia damu.

Tanzania kuna mfumo wa usafiri wa dharura uitwao m-mama. Mnapiga 115, bila malipo. Anayepokea atawauliza hali ya mama na mahali mlipo, kisha atapanga gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Malipo ya dereva huyo hayatoki kwa familia. Ihifadhini namba hiyo kwenye kila simu ya nyumba, hata ya mtoto wa shule.

Anayeishi mbali, au kijiji ambacho masika hukikatia barabara, asingoje uchungu umkute huko. Ahamie wiki moja au mbili kabla ya siku ya matazamio kwa ndugu aliye karibu na hospitali, au kwenye nyumba ya kina mama wanaosubiri kujifungua, ambayo wengine huiita chigonela. Hili ni la lazima zaidi kwa mwenye mimba ya kwanza, aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa uzazi, mwenye mapacha, mwenye mtoto aliyekaa vibaya, mwenye shinikizo la damu au upungufu wa damu, aliyewahi kuvuja damu alipojifungua, na aliyekwisha kuzaa mara tano au zaidi. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI aende nazo na asiruke dozi. Mtoto wake naye anahitaji dawa ya kinga mapema baada ya kuzaliwa.

NI UCHUNGU KWELI?

Wiki za mwisho tumbo hukaza na kulegea bila mpangilio. Mama akitembea kidogo, akinywa maji au akilala, hali hiyo hutulia. Uchungu wa kweli hautulii. Unaanzia mgongoni au chini ya tumbo, unapanda, unashuka, unarudi, na kila saa inayopita unakuja kwa nguvu zaidi na kwa nafasi fupi zaidi. Ute mzito wenye michirizi ya damu unaweza kutoka. Chupa ya uzazi inaweza kupasuka mapema au ikachelewa.

Chupa ikipasuka, hata bila maumivu, safari ianze. Tazameni rangi ya maji. Yakiwa ya kijani au kahawia, huenda mtoto amejisaidia tumboni, naye anahitaji kuangaliwa haraka. Tangu hapo mtu yeyote asiingize kidole wala kitu ukeni, maana uchafu hupanda hadi kwa mtoto.

SAA ZA MWANZO

Mama atembee akipenda, akae, apige magoti, alale ubavu. Alale chali pale tu anapotaka mwenyewe. Anywe maji, chai au uji, ale kidogo chakula chepesi. Akojoe mara kwa mara, kwa sababu kibofu kilichojaa humzuia mtoto kushuka. Awepo mtu anayemwamini wa kumkanda mgongo na kumtia moyo, na watazamaji watoke chumbani. Mtu wa namna hiyo akiendelea kuwa naye hadi mwisho, uchungu huwa mwepesi kubeba, na hilo limethibitishwa katika nchi nyingi.

Sasa jambo ambalo bibi zetu hawatapenda kulisikia. Msimpe dawa ya kienyeji ya kuharakisha uchungu. Baadhi ya mizizi na majani hayo kweli hukaza mfuko wa uzazi, na hatari yake iko hapo: hakuna awezaye kupima ni kiasi gani, na mkazo ukizidi mtoto hukosa hewa na mfuko unaweza kupasuka. Vidonge vya misoprostoli, ambavyo navyo hukaza mfuko wa uzazi, visimezwe nyumbani kabla mtoto hajazaliwa, kwa sababu hiyo hiyo. Msimkandamize tumbo kumsukuma mtoto. Mama naye asisukume kabla mwili wake haujamlazimisha.

Maumivu yakifika matatu ndani ya dakika kumi, uchungu umekolea. Walio karibu na kituo waondoke sasa kama bado wapo nyumbani. Walio mbali walipaswa kuwa njiani tangu dalili za kwanza.

MSINGOJE KUPAMBAZUKE

Ondokeni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, mkiona damu ikitoka kabla ya mtoto kuzaliwa, zaidi ya ile michirizi ya ute. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, maumivu makali chini ya kifua au degedege, ambazo ni dalili za kifafa cha mimba. Homa au maji yenye harufu mbaya. Mtoto kuacha kucheza. Mkono, mguu au kitovu kutangulia. Kitovu kikitangulia, msikirudishe ndani. Mama apige magoti, kichwa chini na makalio juu, asafirishwe hivyo hivyo.

Na kuna hatari isiyopiga kelele: uchungu mrefu. Uchungu uliokolea hauzidi saa 12 kwa kawaida hata kwa mimba ya kwanza. Mtoto akikwama nyonga, kichwa chake hubana kibofu na njia ya haja dhidi ya mifupa kwa saa nyingi, nyama zile hukosa damu na kufa, na baadaye hutoboka. Hiyo ndiyo fistula, na mara nyingi mtoto naye hufa. Mwanamke huvuja mkojo au kinyesi mchana na usiku, wengine huachwa na waume zao. Si laana wala uzinzi. Inatibika kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam ni mojawapo ya zinazofanya kazi hiyo. Lakini kuizuia ni rahisi kuliko kuitibu: mwanamke asivushwe usiku kucha kwenye uchungu usiosonga mbele.

MTOTO AKIJA KABLA YA SAFARI

Wapo watakaozaa nyumbani au kando ya barabara hata baada ya kupanga vyema. Mama akisema anataka kwenda haja kubwa na hawezi kujizuia, au kichwa kikionekana, msimpandishe bodaboda. Pigeni 115, mwiteni mhudumu wa afya aliye karibu, na mfanye yafuatayo.

Nawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Vaa glovu kama zipo. Tandika kanga safi, funga madirisha ili upepo usiingie, weka nguo kavu mbili za mtoto karibu. Mama akae mkao unaomfaa. Kichwa kikianza kutoka, mwambie aache kusukuma na ahemee mdomoni kwa pumzi fupi fupi, ili kitoke polepole na asichanike sana. Mkono wako uwe wa kupokea. Usivute kichwa, usivute shingo. Kitovu kikiwa kimezunguka shingo na kimelegea, kipitishe juu ya kichwa taratibu.

Mtoto akitoka, mweke kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Mkaushe mwili mzima, tupa kitambaa kilicholoa, mfunike yeye na mama kwa kikavu, mvike kofia. Wengi hulia wakati wa kukaushwa. Asiyelia wala kupumua asuguliwe mgongo kwa kitambaa kikavu, na ute unaoonekana mdomoni na puani ufutwe. Asining'inizwe kichwa chini, asipigwe makofi, asimwagiwe maji baridi. Aliyefundishwa kumpulizia mtoto hewa afanye hivyo mara moja. Hapa ndipo utaona thamani ya mkunga aliyesomea. Utafiti uliochapishwa 2013 kutoka hospitali nane za Tanzania ulionyesha kwamba wakunga walipofundishwa kumsaidia mtoto kupumua ndani ya dakika ya kwanza, vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 47.

Kitovu hakina haraka. Kama msaada unakuja, kiacheni bila kukatwa. Kama hauji, ngojeni kiache kupiga, kifungeni kwa nguvu kwa uzi uliochemshwa sehemu mbili, ya kwanza vidole viwili kutoka tumboni na ya pili vidole vinne, mkate katikati kwa wembe mpya. Msipake majivu, samli, mavi ya ng'ombe wala mate. Pepopunda huingilia hapo. Mtoto anyonyeshwe ndani ya saa moja, na dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, asinyimwe. Kuoga kungoje saa 24.

DAMU NA KONDO LA NYUMA

Kondo hutoka lenyewe, kwa kawaida ndani ya nusu saa. Kunyonyesha na kukojoa husaidia. Msivute kitovu. Likitoka, liwekeni kwenye mfuko safi mwende nalo kituoni, mkunga akague kama kuna kipande kimebaki ndani. Kama kwenu kuna desturi ya kulizika, ombeni mrudishiwe.

Kisha wekeni kiganja juu ya tumbo la mama, kwenye kitovu chake. Mfuko wa uzazi unatakiwa uwe mgumu kama paji la uso. Ukiwa laini, sugueni kwa nguvu za wastani hadi ukaze.

Kujua damu imezidi ni vigumu kwa macho. Watafiti waliofanya kazi na wakunga wa jadi mkoani Kigoma miaka ya mwanzo ya 2000 walitumia kipimo ambacho kila nyumba inacho: kanga mbili zilizoloa damu ni kiasi cha nusu lita au zaidi, na hapo mama yuko hatarini. Tumieni kipimo hicho, lakini damu ikibubujika, au mama akianza kizunguzungu, baridi na jasho, msingoje kanga ya pili, ondokeni. Mama anayevuja damu kwa nguvu anaweza kufa ndani ya saa mbili. Njiani, endeleeni kusugua tumbo, mtoto anyonye, mama alale na afunikwe. Sindano ya oksitosini, inayokaza mfuko wa uzazi, hutunzwa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo haiwezi kuwekwa kabatini nyumbani ikabaki na nguvu. Mama ndiye anayepaswa kuifuata.

HATA MAMBO YAKIENDA VIZURI

Mama aliyezaa nyumbani salama, mtoto analia na kunyonya, bado aende kituoni na mwanawe ndani ya saa 24, na arudi kwa tarehe atakazoandikiwa hadi wiki ya sita. Damu inaweza kuanza upya, homa ya uzazi huja siku za baadaye, na kifafa kinaweza kumpata hata baada ya kujifungua. Mtoto anahitaji kupimwa uzito, kuchanjwa dhidi ya kifua kikuu na polio, na kupewa kadi. Asiyenyonya, mwenye joto kali au mwili wa baridi, anayepumua kwa shida, aliyegeuka manjano siku ya kwanza au mwenye kitovu chekundu chenye usaha asisubiri hata saa moja.

Baadhi ya kina mama hukaa nyumbani kwa kuogopa kufokewa au kuulizwa kwa nini hawakuja mapema. Mama, nenda hata hivyo. Baba, msindikize, ujibu maswali hayo wewe, na msiondoke kabla wote wawili hawajapimwa.