ALA BILA SAUTI NI MTI TU

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi ala na nyimbo za kwetu zinavyohifadhiwa, na kwa nini kazi hiyo inatuhusu hata sisi vijana wa Eastleigh. Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa.

Kwanza, tufahamu maana. Ala ni chombo chochote cha kutolea sauti ya muziki. Ziko za nyuzi, kama nyatiti ya Waluo yenye nyuzi nane. Za kupulizwa, kama zumari. Za ngozi, kama ngoma. Na za kutikisa, kama kayamba. Ukifika makumbusho ya Lamu utaona siwa mbili mashuhuri, moja ya shaba na nyingine ya pembe ya ndovu.

Lakini kuiona ala si kuijua. Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa 1908, yalilitambua jambo hili mapema. Klaus Wachsmann, aliyeyasimamia kuanzia 1948 hadi 1957, alikusanya ala na pia akanasa sauti za wapigaji wenyewe. Hapo mgeni aliweza kuzisikia ala zikipigwa, asizitazame tu kabatini.

Pili, muziki wa juzijuzi. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunadhani kitu cha makumbusho lazima kiwe cha ngozi au pembe. Je, gitaa? Wapigaji wa benga waliyachukua mapigo ya nyatiti wakayatia kwenye gitaa. Fundi Konde, aliyezaliwa Pwani mwaka 1924, anatajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Nako Magharibi, enzi za George Mukabi aliyefariki 1963, gitaa kavu liliandamana na chupa ya Fanta. Naam, chupa ya soda! Ile ya zamani ilikuwa na matuta mwilini. Ukipitisha kijiti, inalia kwacha-kwacha.

Marehemu babu yangu aliniambia kuwa ujanani alikuwa akikwaruza chupa kwenye maharusi. Mimi nikacheka, nikasema, "Babu, hiyo si muziki, ni takataka!" Naye akanyamaza. Alipofariki, tukahama nyumba, na lile sanduku lake la santuri likauzwa kwa mnunuzi wa vitu vikuukuu. Imebaki santuri moja kubwa, niliyoikuta ikifunika mtungi wa maji. Karatasi yake imefutika. Sijui ni nani anayeimba, na wa kumwuliza hayupo tena. Majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Tatu, tufanyeje? Nyimbo za kale za Fundi Konde zilitolewa upya mwaka 1994 na kampuni ya London. Hapa Nairobi, Ketebul Music walitoa mwaka 2008 kitabu na kanda za historia ya benga. Kazi hizo ni njema, lakini hakuna mgeni atakayekuja kutafuta chini ya kitanda cha babu yako. Hiyo ni kazi yako.

Kwa hivyo napendekeza chama chetu kianzishe kabati moja tu. Kila kitu kitakachowekwa humo kiwe na mambo matatu: jina lake, jina la aliyekitumia, na sauti yake iliyorekodiwa. Santuri zisimamishwe wima mbali na joto la mabati, maana plastiki hupinda. Zile za zamani zaidi, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, huvunjika kama sahani ya udongo, basi zishikwe kwa adabu.

Zoezi kwa msomaji: leo jioni mwulize mzee mmoja wa kwenu alicheza ngoma gani ujanani, na nani alipiga nini. Andika jibu, wala usicheke.

Mimi nitaileta santuri yangu. Mtungi tumeutafutia kifuniko kingine. Wasalaam.